Motokari ya zamani na neno la muuzaji

Hapa Dilala mtu akitaka kuuza motokari ya zamani, mara nyingi kwanza huipaka rangi. Hatuoni ubaya katika rangi. Lakini je, kutu iliyo chini yake ni siri halali ya muuzaji?

Motokari moja ya mashindano ya Waingereza yatusaidia kufikiri. Ni Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na tena 1930. Baadaye ilibadilishwa vipande vingi. Mwenye nayo alipopatana kuiuza kwa thamani ya pauni milioni 10, mnunuzi alikataa, akidai siyo ile iliyoshinda. Mwaka 1990 hakimu mmoja huko London aliamua kwamba ndiyo yenyewe, kwa maana historia yake haikukatika. Twakubali: hata nyumba ikibadilishwa paa na milango, huitwa nyumba ileile.

Walakini jina peke yake halitoshi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha hivi: farasi mwenye jicho moja, kilema chake chaonekana; muuzaji akipunguza bei ipasavyo, halazimiki kukitangaza. Bali kilema kilichofichika, chenye kuleta hasara au hatari, lazima akiseme. Wengine hujibu, “Mnunuzi ana macho.” Naam, lakini macho hayapenyi rangi. Tena breki mbovu haimdhuru mnunuzi tu. Watoto wapitao barabarani hawakununua kitu.

Fundi aliyeifufua motokari na adai malipo mema, jasho lake ni halali; ila aonyeshe chuma kipi ni cha zamani, na kipi alikichomelea mwenyewe. Bei watapatana.