Kuanguka kwa Mbunge na Hukumu Inayotangulia Kura

Swali la iwapo mbunge aliye madarakani atarudi bungeni au ataanguka huulizwa kana kwamba jibu lake limekwishaandikwa mahali na linasubiri kusomwa, ilhali Aristotle, alipojadili mfano wa vita vya majini vitakavyopiganwa kesho, alitilia shaka kwamba kauli juu ya jambo linaloweza kutokea au kutotokea huwa ni kweli au uongo leo. Mwislamu anayesoma aya ya 26 ya Surat Aal Imran, inayofundisha kuwa ufalme hutolewa na kuondolewa na Mungu, naye ana sababu ya kuwa na hadhari.

Majimbo yanayoizunguka njia panda ya Segera, nchini Tanzania, yanalipa swali hilo uzito wake. Abdallah Kigoda, mbunge wa Handeni na waziri, aliondolewa na mauti, si kura, Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu. Mwanawe, Omari Kigoda, alikipata kiti cha Handeni Mjini, lakini mwaka 2020 kikaenda kwa Reuben Kwagilwa. Mwaka huohuo Handeni Vijijini, iliyo na Kata ya Segera, ikatoka kwa Mboni Mhita ikaenda kwa John Sallu, na Korogwe Mjini ikatoka kwa Mary Chatanda ikaenda kwa Alfred Kimea. Watu walibadilika, chama hakikubadilika. Chama hicho, CCM, kilitwaa majimbo 256 kati ya 264 nchini, na hatima ya wabunge wengi ilikwishaamuliwa tangu kura za maoni za ndani ya chama za Julai, zilizopigwa na wajumbe, yaani wanachama wachache wenye haki ya kuingia mkutano mkuu wa jimbo, na baadaye katika vikao vya juu vilivyoteua wagombea.

Kwa hiyo anayepima hasira ya wananchi ili atabiri anguko hupima kitu ambacho huenda hakiamui lolote. Lakini haikuwa hivyo sikuzote. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, TANU, wagombea wawili wa chama hicho jimboni, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, walisimama mbele ya wapiga kura wote, na Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akashindwa. Hapo anguko lilikuwa neno la umma wenyewe.

Limebaki suala la haki, ambalo ndilo zito zaidi. Handeni imeteseka kwa uhaba wa maji kwa miongo mingi, na mbunge hulaumiwa kwa mabomba makavu ingawa bajeti ya maji haimo mkononi mwake. Kuwa karibu na kuanguka, basi, si sawa na kustahili kuanguka, na mchambuzi anayeyachanganya mawili hayo humhukumu mtu kwa kosa lisilo lake. Yeyote atakayetangaza kwamba mbunge fulani hatarudi anawajibika kuwaeleza wasikilizaji wake ni nani hasa watakaomwangusha, na kwa kosa gani.