Siri za Mwombaji wa Chuo Zilindwe

Wiki hii niliingia steshenari moja jirani na kituo cha daladala kutoa nakala. Mbele yangu alikuwepo binti aliyemaliza kidato cha sita, anaomba chuo na mkopo kwa pamoja. Kijana wa kompyuta akamwuliza kwa sauti namba zake za mtihani, kisha jina la mama. Akapokea cheti cha kifo cha baba, akakiskani huku akisoma jina la marehemu na mwaka aliofariki, foleni nzima ikisikia. Binti hakuwa na simu, basi kijana akajaza namba yake mwenyewe. Nywila akaitunga yeye, akaiandika kwenye daftari, chini ya nywila za wenzake. Kioo cha kompyuta kilijaa mafolda yenye majina ya waombaji, vyeti vyao vyote ndani.

Sijatulia tangu hapo. Mwombaji akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, hutakiwa kuthibitisha anakokwenda kwa namba ya siri anayotumiwa. Ya binti huyu itaingia kwenye simu ya mtu baki. Na yeyote mwenye namba yake ya mtihani anaweza kufungua matokeo yake ya Baraza la Mitihani, somo kwa somo. Tapeli anayempigia mama akijifanya ofisa udahili atake nini tena? Jina analo, shule anaijua, alama anazo.

Wapo watakaonijibu kuwa mficha uchi hazai. Anayetaka mkopo aonyeshe hali yake. Ni kweli. Lakini mjamzito humfunulia mkunga, hamfunulii kila mpita njia. Bodi ya Mikopo ina sababu ya kujua kama mwombaji ni yatima au ana ulemavu. Foleni ya steshenari haina.

Wala simlaumu yule kijana. Anawasaidia wengi wasio na kompyuta wala bando. Ninaowauliza ni wenye fomu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi mahitaji, wala zisihifadhiwe kupita muda wake. Basi kuna haja gani ya kudai cheti cha kuzaliwa kabla mwombaji hajachaguliwa? Akikosa nafasi, nani anafuta vyeti vyake, na lini? Kwa nini asisaidiwe na mwalimu wake, kwenye kompyuta ya shule, badala ya kuachwa ajitafutie msaada mtaani?

Mtoto wa mwenye nacho hujaza fomu sebuleni kwao, nywila akaijua peke yake. Wa maskini analazimika kuwakabidhi watu baki siri za nyumbani kwao. Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya kila mtu, haikuwatofautisha. Chuo kinachopokea maombi ya wote wawili kina wajibu wa kuwalinda wote wawili, na wajibu huo unaanza pale kinapoamua nini kiulizwe kwenye fomu.