Mzazi Ugenini: Nasaha kwa Wanaohamia Chole na Watoto Wadogo

Chole ni kisiwa kidogo ndani ya ghuba, upande wa mashariki wa Mafia. Mtu mzima hukizunguka kwa miguu asubuhi moja. Magari hayapo. Anayetoka mji wa Kilindoni hufika kijiji cha Utende kwa barabara, kisha huvuka kwa mashua, na maji yakiwa yamekupwa hushukia kwenye tope, viatu mkononi. Familia inayohamia huko kutoka Ulaya, au hata kutoka Dodoma, ikiwa na mtoto wa miaka miwili na mchanga wa wiki chache, hushuka hivyo hivyo: mchanga kifuani kwa mama, mkubwa mabegani kwa baba. Kabla mizigo haijafunguliwa, mtaa mzima umeshajua kwamba nyumba ile ina mzazi.

Na mzazi pwani ana haki zake. Kwa siku arobaini hateki maji wala hasimami jikoni. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wenye pilipili manga, na kazi za nyumba hushikwa na mama yake, mkwe au somo yake. Mama aliyehamia ugenini hana hata mmoja kati ya hao. Majirani wa Chole wanalijua hilo bila kuambiwa, na ndiyo maana wanakuja.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Wanakataa. Wanasema wataweza wenyewe, wanaogopa kuwasumbua watu, au wanadhani wataingia katika deni wasilojua kulilipa. Nia yao ni njema, lakini jirani aliyekataliwa haoni unyenyekevu. Anaona mlango uliofungwa. Adabu ya kwanza ya mzazi mgeni ni kukubali kusaidiwa, na haifai kuchelewa.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mwanamke wa nyumba ya pili anabisha hodi na kuvua kandambili kizingitini. Ananawa mikono. Anasema "Mashallah" kabla hajamsifu mtoto kwa lolote, maana kumsifu mchanga bila neno hilo kunamtia mama wasiwasi. Anaweka mkekani kipande cha sabuni ya kufulia na bakuli la wali wa nazi, anampokea mtoto, anamfunga kwa kanga na kumwambia mama akalale. Mama huyo akikimbilia pochi, ameharibu: aliyekuja kama dada amegeuzwa kibarua. Jibu linalofaa ni ahsante, nafasi kwenye mkeka, na usingizi wenyewe. Siku mbili tatu baadaye bakuli lirudi na kitu ndani, hata kama ni maembe manne. Bakuli la jirani halirudi tupu.

Mchanga, kwa kweli, hana taabu kubwa ya kuhama. Nchi yake ni kifua cha mama. Anayeumia ni yule wa miaka miwili, aliyepoteza nyumba, marafiki, lugha na mapaja ya mama ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo anayekuja kumpongeza mzazi aanze na mkubwa: amsalimie kwanza, amletee andazi au kashata yake peke yake, ndipo aulize yuko wapi mdogo. Utani wa "umeshapokonywa mama wewe", ambao watu wazima huurusha wakicheka, uachwe kabisa. Mtoto wa umri huo hajui utani. Anachosikia ni kwamba jambo analoliogopa ni kweli.

Apewe pia kazi ya ukubwa: kuleta kanga, kushika sabuni wakati wa kumwogesha mdogo. Wazazi wamfundishe "shikamoo" kabla ya neno jingine lolote, kwa sababu mtoto mdogo anayeamkia wakubwa njiani hupata bibi na babu kisiwa kizima. Mama yake naye ataitwa kwa jina la mtoto huyo, Mama Fulani, na aitike kwa furaha. Na kama watoto wenzake wakimchukua kucheza, aende. Chole watoto hulelewa na watoto, na binti wa miaka minane huweza kuwa mlezi makini sana. Mpaka wa kuwekwa ni mmoja, bahari: pwani hafiki bila mtu mzima. Mzazi aliseme hilo mapema na kwa upole kwa wakubwa wa watoto wale. Hakuna atakayeudhika.

Lipo eneo moja ambalo mzazi hapaswi kulegeza, nalo ni afya. Tanzania mtoto huchanjwa kifua kikuu na polio anapozaliwa, hurudi kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha huchanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9 na 18. Aliyeanza ratiba ya nchi nyingine aje na kadi yake na aioneshe zahanati wiki ya kwanza. Chandarua chenye dawa kifungwe usiku wa kwanza. Mchanga akipata homa, hakuna kusubiri kuche: mzazi awe ameshapatana na nahodha wa kuwavusha, na awe anajua saa za maji kujaa na kupwa. Wapo wageni wanaoona haya kumgongea mtu usiku wa manane. Haya hiyo ni ya hatari. Nahodha yeyote angependa aamshwe mara kumi bure kuliko asiamshwe mara moja.

Wazee watataka mchanga aonjeshwe maji, asali au uji mwepesi. Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Miaka miwili hiyo inatajwa pia katika Qur'ani, basi mzazi na bibi wa Chole wana pa kukutana. Kukataa kuwe kwa heshima: "Bibi, daktari amenikataza mpaka atimize miezi sita." Bibi akitaja kubemenda, yaani kumdhuru mtoto anayenyonya kwa wazazi kurudiana au kupata mimba mapema, asichekwe. Ndani ya onyo lake imo hekima ya kupishanisha uzazi, ambayo mama mwenye watoto wawili wadogo anaielewa kuliko mtu mwingine.

Baba naye ana adabu zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Sweden wazazi hugawana siku 480 kwa kila mtoto. Baba aliyetoka huko atafua nepi uani na watu watamtazama. Aendelee kufua, bila kuwahubiria wanaume wenzake. Wanawake wakija kumwona mzazi, atoke, akakae barazani au akawatazame mafundi wanaounda mashua, mpaka wageni waondoke.

Wageni wenye watoto si wapya hapa. Chole ulikuwa mji mkuu wa Mafia, Waomani na wafanyabiashara wa Kihindi waliishi hapo, na Wajerumani walikuwa na makao yao ya utawala hapo mpaka walipoyahamishia Kilindoni mwaka 1913. Magofu yangalipo, yamekumbatiwa na mizizi ya mikuyu, na popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kutwa. Tangu Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995 wanakuja wengine, na kamera zao. Asipigwe picha mtoto wa mtu bila ruhusa ya mzazi wake. Nani angependa mwanawe anayeoga kisimani azungushwe mitandaoni kwa watu asiowajua?

Siku ya kuhama tena ikifika, familia isiondoke kimyakimya na mashua ya alfajiri. Waanze kuaga siku kadhaa kabla, nyumba kwa nyumba, watoto wote wawili wakiwa nao, wakiomba radhi kwa lolote walilokosea na kusamehe waliyokosewa. Nguo zilizowabana watoto, chandarua na beseni la kuogea wapewe waliowasaidia, kila mmoja mkononi mwake, na bakuli lolote la jirani lililosalia jikoni lirudishwe kwa mwenyewe likiwa na kitu ndani.