Ardhi Iliyozama kwa Kumwagiliwa

Magharibi mwa bonde la San Joaquin, California, mvua ni haba. Tope lililoshuka na mafuriko kutoka milimani lilikauka, likafunikwa na jingine, nalo likakauka, maelfu ya miaka. Udongo huo ulikuwa mgumu. Ukichimba shimo, kuta zake zinasimama wima bila mhimili, na yeyote angeapa kwamba hapo msingi umepata pa kukaa.

Wakulima wakaja na maji. Walipoanza kumwagilia, ardhi ikadidimia: mifereji ikapasuka, mabomba yakakatika, mashamba yaliyosawazishwa yakawa na mabonde. Miaka ya 1950 watafiti wakatenga viwanja vya majaribio, wakavijaza maji, wakapima. Vipo vilivyoshuka takriban mita 3, wala havikubebeshwa jengo lolote.

Udongo wa aina hii una matundu mengi ndani. Chembe zake zimegandishwa na udongo wa mfinyanzi uliokauka, na unyevu kidogo uliobaki kwenye maungio huzivuta zikabana. Maji yakiingia, mvuto ule hupotea, mfinyanzi hulainika, chembe huporomokea kwenye matundu. Kwa hiyo anayeupima ukiwa mkavu, akaandika kwamba una nguvu, amesema kweli, lakini ni kweli itakayodumu hadi bomba la kwanza livuje.

Maabara inaweza kutoa onyo mapema. Mwaka 1957, Jennings na Knight wa Afrika Kusini walieleza kipimo cha sampuli mbili za udongo uleule ndani ya edometa, yaani kifaa chenye pete ya chuma ambamo udongo hukandamizwa kutoka juu: moja kavu, ya pili imeloweshwa. Baadaye ikazoeleka pia kutumia sampuli moja: hubebeshwa shinikizo la kilopaskali 200, kisha hutiwa maji. Ikishuka ghafla kwa zaidi ya asilimia 10 ya kimo chake, hatari ni kubwa. Sampuli ikatwe bila kuvurugwa, ifungwe isipoteze unyevu njiani, maana ikizidi kukauka itaonekana imara kuliko ardhi ilikotoka.

Waliojenga mfereji mkuu wa California miaka ya 1960 walizingatia onyo la viwanja vile vya majaribio. Sehemu zenye udongo huo waliziloweka kwanza, kwa miezi mingi, zikazama zote, ndipo wakamwaga zege.

Wewe unayejenga penye ukame, usilipie ripoti ya udongo kabla ya kumuuliza mhandisi: sampuli ilipotiwa maji, ilishuka kiasi gani?