Mgeni asiyejua bei: Ni riziki au amana?

Mtu aliyesimama mjini kwenu kwa saa chache tu, asiyejua bei za hapo na asiyetarajiwa kurudi tena, ana haki gani kwa anayemuuzia? Swali hili ni la watu wa bandarini, lakini ni letu pia sisi wa Korogwe na Handeni tusio na meli, kama tutakavyoona.

Kila majira ya kaskazi meli kubwa za kitalii hutia nanga Unguja na Mombasa. Abiria hushuka asubuhi na kutakiwa wawe wamerejea melini jioni. Ndani ya saa hizo wanatembezwa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, au Fort Jesus iliyojengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16. Wanapelekwa mashamba ya viungo, kisha wananunua: vinyago, kanga, karafuu, picha za Tingatinga. Hiyo ni riziki ya watu wengi. Uharamia wa Somalia ulipopamba moto kati ya mwaka 2008 na 2011, meli hizo zilipungua, na familia nyingi zinazotegemea wageni zilipata tabu.

Lakini ndani ya riziki hiyo kuna mambo ambayo sote tunayajua na tunayanyamazia. Mti mweupe unapakwa rangi nyeusi ya viatu, unaitwa mpingo na kuuzwa kwa bei ya mpingo. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi cha kuzama majini, lakini mgeni hana ndoo ya maji ya kuupima. Anaonyeshwa unga wa rangi ya manjano, anaambiwa ni zafarani iliyovunwa hapo hapo Unguja, na zafarani haistawi Unguja. Mwenye kumtembeza anamwingiza katika duka fulani, akimwambia ndilo zuri kuliko yote, bila kumwambia kwamba kila atakachonunua humo kina kamisheni ya anayemtembeza.

Segera nako ni bandari

Wala tusiwanyooshee kidole ndugu zetu wa visiwani na Mombasa. Basi litokalo Dar es Salaam likifika Segera, wilayani Handeni, barabara inagawanyika: moja yaelekea Tanga, nyingine Korogwe, Mombo na hadi Arusha. Hapo basi ndiyo meli yetu. Dirisha linafunguliwa, mikono kumi inanyanyuliwa na machungwa, ndizi na mahindi ya kuchoma. Mombo yapo mapeasi na matunda mengine yaliyoteremshwa kutoka Lushoto. Abiria ana dakika chache. Ndoo aliyouziwa ina machungwa makubwa juu, na chini yamo madogo na yaliyoanza kuoza. Atayaona akiwa Same.

Na dhuluma hiyo ina pande mbili. Abiria naye hupokea matunda, gari likaanza kuondoka, akafunga dirisha na kutazama mbele. Kijana anakimbia na gari mpaka pumzi inamwishia. Pengine ni shilingi elfu moja tu, lakini ndiyo faida yake ya asubuhi nzima. Huo ni wizi, hata kama mwizi amevaa kanzu na anakwenda kwenye maulidi.

Biashara ni halali, hadaa ni haramu

Hebu turejee katika mafundisho. Mtume (s.a.w.) alikataza watu wa mjini kwenda kuipokea misafara njiani na kununua bidhaa zake kabla haijafika sokoni. Wanachuoni huliita jambo hili talaqqi rukban. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba aliyeuza kwa namna hiyo, akifika sokoni na kuijua bei, ana khiyari ya kuvunja mauziano. Hapo mgeni ndiye muuzaji na mwenyeji ndiye mnunuzi, lakini sababu inaeleweka: mmoja anaijua bei na mwingine haijui, na anayejua anawahi ili mwenzake asijue.

Wanachuoni wa Hanbali wamekwenda mbele zaidi. Wanampa khiyari hata mnunuzi asiyejua bei wala kupatana, akiwa amepunjwa kupita kiasi. Madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, haivunji mauziano kwa sababu ya ukubwa wa bei peke yake ikiwa hapakuwa na udanganyifu. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mwenye duka kwamba kupata faida nzuri kwa mgeni ni haramu. Bei zilipopanda Madina na watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie, hakukubali. Kupatana bei ni halali. Kuficha aibu ya bidhaa si halali. Tunajua kisa cha rundo la nafaka sokoni: aliingiza mkono ndani yake, akakuta umajimaji chini, akamkemea mwenye nafaka kwa kutouweka juu watu wauone. Ndoo ya machungwa ya Segera imekwishatolewa hukumu.

Sasa tafakari jambo moja. Khiyari ina maana kwa mtu anayeweza kurudi. Mtalii atagundua kinyago chake si mpingo meli ikiwa imeshang'oa nanga, na abiria ataona machungwa mabovu akiwa njiani. Haki yao iko kitabuni, lakini hawana pa kuidai. Basi msafiri asiyeweza kurudi ameiacha haki yake mikononi mwa muuzaji, na kilichoachwa mikononi mwako ni amana.

Lakini wao ni matajiri

Wanafunzi huniuliza: Mwalimu, hawa Wazungu walitutawala na kutunyonya, kosa liko wapi tukirudisha kidogo? Jibu lipo katika Qur'an. Katika Surat Aal Imran, aya ya 75, Allah (s.w.t.) anawataja watu waliojihalalishia mali ya wasiokuwa wenzao kwa kudai hawana lawama kwa hao, na anawahesabu kuwa wanamzulia uongo. Na katika Surat al-Maida, aya ya 8, tunaamrishwa kwamba chuki kwa watu isitutoe katika uadilifu. Deni la ukoloni, kama lipo, halilipwi na bibi mstaafu aliyeshuka melini kununua zawadi ya mjukuu wake. Na anayeanza kwa kumpunja Mzungu hamalizii hapo. Kesho atampunja Msambaa aliyepanda basi la Arusha, kwa sababu aliyezoea kumpunja asiyejua hachagui rangi.

Tukumbuke pia kwamba misafara iliyotoka Pangani ilipita bonde hili hili, kwenda na kurudi bara. Uislamu uliingia sehemu nyingi za bara kwa njia hizo za biashara, na watu walimtazama mfanyabiashara kabla ya kuisikia darsa yake. Mgeni wa leo naye anatutazama, na atakachokwenda kukisimulia kwao ni sisi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apunje. Mwenye duka aandike bei juu ya bidhaa, na mti mweupe auite mti mweupe. Anayetembeza wageni aseme wazi kwamba ana kamisheni, kwa maana mwenye kuombwa ushauri amebeba amana. Muuzaji wa stendi achanganye machungwa juu na chini yafanane. Abiria atoe pesa kabla ya kupokea mzigo. Na maimamu wa misikiti iliyo karibu na stendi zetu walifanye hili kuwa mada ya khutba, kwa kuwa wanaosali nyuma yao ndio wanaouza na ndio wanaosafiri.

Wallahu a'lam.