Pilau Hailazwi

Mwezi wa Idd ulipoandama, nyumba moja mjini Tanga ilikuwa na furaha mbili: mfungo umekwisha, na watoto wa bi mkubwa, waliotawanyika Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, wote wamerudi kwao. Mkaza mwana wa nyumba ile akaazimia kuwapikia pilau watakayoisimulia.

Kazi yake aliijua. Vitunguu alivikaanga mpaka vikakolea rangi bila kuungua, akatia thomu na tangawizi, akafuatisha bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, kisha nyama na mbatata. Mchele, kilo 6, ulipokaukiwa maji, alipunguza moto wa chini akapalia makaa juu ya mfuniko. Saa 5 usiku mtaa mzima ulinukia.

Mama mkwe alipoona sufuria linateremshwa, alishtuka.

"Mwanangu, mbona mapema hivi? Pilau ya Idd hupikwa alfajiri. Wali haulazwi."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Asubuhi nitaipasha moto tu, nami niwahi kuswali. Nimeifunika blanketi, haitapoa."

Bi mkubwa hakutaka kumvunja moyo mkwe wake usiku wa sikukuu. Akanyamaza.

Baada ya swala, masinia yakapakuliwa. Pilau ilikuwa inatoka moshi, inanukia, wala hakuna aliyehisi kuwa imechacha. Watu wakala, wakasifu, wakaongeza kachumbari. Kabla ya adhuhuri mtoto mmoja akatapika, akafuata wa pili, kisha watu wazima. Idd ikaishia kwenye benchi la zahanati. Kwa rehema za Mungu wote walipona.

Tabibu hakuuliza ni viungo gani vilivyotiwa. Aliuliza pilau ilipikwa saa ngapi. Mchele mbichi huweza kuwa na vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo asili yake ni udongoni. Mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa muda mrefu kati ya nyuzi joto 5 na 60, mbegu hizo huamka, vijidudu vikaongezeka na kutoa sumu. Sumu ile haiondoki kwa kupasha chakula moto, na ulimi hauitambui. Aliyeila huanza kutapika ndani ya saa chache tu. Blanketi lile, basi, ndilo lililoharibu: sufuria kubwa lililojaa, likafungiwa joto lake, lilikaa usiku kucha katika uvuguvugu ambao vijidudu huupenda.

Neno la bi mkubwa halikuwa ushamba. Wazee hawakulijua jina la kijidudu, lakini walishaona wali uliolala ulivyowafanya watu. Mkaza mwana alikosea kwa kulipuuza neno hilo. Bi mkubwa naye alikosea kwa kulisema mara moja kisha akanyamaza, kana kwamba staha ina thamani kuliko matumbo ya wajukuu.

Anayetaka kupunguza kazi ya asubuhi ana mengi ya kufanya usiku: achambue mchele, amenye vitunguu, atwange thomu na tangawizi, aiweke nyama ndani ya friji. Alfajiri mashangazi na mawifi waamke, mmoja awashe jiko, mwingine akaange, na pilau iteremke karibu na wakati wa kula. Ikibaki, isiachwe ndani ya sufuria. Itandazwe kwenye masinia ipoe upesi, iingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita, na siku za joto kali kabla ya saa 1.

Ewe unayeshika mwiko sikukuu hii, sifa ya mapishi yako isiwe harufu peke yake. Pika kwa wakati wake. Na wewe mzee unayejua, usinyamaze: sema, eleza sababu, na ukipuuzwa, rudia.