Anayedai kitambulisho na akitoe

Wapo wanaosema kuwa kumdai mpiga kura kitambulisho si dhulma. Bila kitambulisho, wanahoji, mtu mmoja atapiga kura mara tatu, na marehemu nao watapiga. Hoja hii ina uzito, na sisi Waislamu hatuwezi kuipuuza. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara inaamrisha deni liandikwe na liwekewe mashahidi, ili haki ya mtu isipotee.

Lakini aya hiyo hiyo inamkataza mwandishi kukataa kuandika. Hapa ndipo wengi wanapopita haraka.

Tuchukue mfano wa ndugu zetu Wanubi wa Kenya. Babu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza, wakapewa makazi Kibra, Nairobi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Sheria ya Kenya inamtaka anayejiandikisha kupiga kura awe na kitambulisho cha taifa au pasipoti. Sharti ni moja kwa wote. Hata hivyo, kwa miaka mingi kijana wa Kinubi, kama Msomali wa Garissa au Wajir, alipofika miaka 18 aliitwa kwanza mbele ya kamati ya uhakiki, akadaiwa karatasi za baba na pengine za babu. Wenzake wa jamii nyingi hawakuulizwa hayo. Hakuna aliyemwambia kuwa hana haki ya kupiga kura. Aliambiwa tu arudi kesho, na kesho hiyo uchaguzi ukampita.

Watauliza: na usalama wa mpaka je? Usalama ni haki ya kila raia. Lakini tuhuma humfuata mtu kwa ushahidi, haifuati kabila wala jina la mtu.

Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliona kuwa Wanubi wamebaguliwa. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondoa uhakiki wa ziada katika kaunti za mpakani. Tamko ni jema, ila mizani yake ni dirisha la ofisi, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.

Mwenye mamlaka akitaka kudai karatasi, ni wajibu wake kwanza kuitoa kwa wote sawa. Akiinyima kisha akaidai, huyo halindi kura. Anaipora.

Wallahu a'lam.